Amplifaya ya Watu Wawili

Siku niliyowaaga pale dukani, Chepng'etich, wewe ndiye uliyenishika mkono nyuma ya kaunta ukaniambia, "Mathe, utuandikie hata kidogo tu. Zile vitu zenye haziko kwa manual." Nikacheka, nikasema nitaandika nikishashiba usingizi. Basi nimelala wee, mpaka kuku wa jirani wameacha kunishangaa, na usingizi wenyewe umenikinai. Sasa nimekaa barazani na kikombe cha chai, ukungu umeshuka mpaka kwenye ua wa michongoma, na mambo ya kazini yananijia yenyewe, moja baada ya jingine, bila haraka.

Sitaandika habari za vyeo wala mshahara. Vyeo dukani kwetu vilikuwa viwili, mwenye duka na wengine, na mshahara mnaujua. Nitaandika jinsi ya kumchagulia mtu amplifaya ya nyumbani, kazi ambayo ukiitazama kwa mbali ni ya wati na waya, lakini sehemu kubwa yake ni kumwangalia mtu anavyokaa na kile anachokitaka moyoni. Na nitawaandikia kuhusu wazee wawili wa Boito, mume na mke, ambao muziki uliwatoa kwenye chumba kimoja, mama akaja kwangu nimrudishe, kana kwamba mimi ni pasta. Katika kazi zote nilizofanya, hiyo ndiyo iliyoninyima amani.

Nilizaliwa kwenye laini za shamba la chai. Baba alikuwa ametoka upande wa ziwa kufuata kazi ya kiwanda, na nyumba tulizopewa zilipangwa mstari, ukuta mmoja familia mbili. Jirani alikuwa na redio. Mchana watu wazima wakiwa kazini, nilikuwa naegemeza sikio ukutani nisikilize. Maneno yalibaki upande wa pili. Kilichovuka ukuta kilikuwa besi peke yake, ikija polepole kupitia kwenye matofali mpaka kwenye taya langu. Nilikuwa nakaa hivyo nimefumba macho, nimesahau kuteka maji, na mama akirudi ananikuta hapo na ndoo tupu. Nadhani kazi yangu ilianzia kwenye ukuta ule.

Siku ya kwanza dukani, Mzee Kimutai hakunipa chuma cha kulehemu wala mita. Alinipa stuli. "Kaa hapo, Atieno," alisema. "Usishike kitu. Sikiza." Alikuwa fundi wa zamani, mtu wa maneno machache na koti la sufi ambalo sikuwahi kumwona amelivua, hata jua likiwaka. Nikakaa. Asubuhi nzima nilisikiliza vyuma vikikwaruzana, redio zikikohoa, na wateja wakieleza matatizo yao kwa mikono.

Ndipo akaingia mama mmoja kutoka Merigi, amebeba amplifaya ndani ya leso kama anayepeleka mtoto kliniki. Ilikuwa imekufa. Mzee Kimutai aliinusa tu, hata kuifungua hakuifungua, kisha akamuuliza, "Mama, kitambaa ni ya rangi gani?"

Yule mama alishtuka. "Ni ya maroon, iko na maua nyeupe. Umejuaje?"

"Ulishona mwenyewe?"

"Nilishona mwenyewe."

"Ni nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi peleka hiyo kitambaa ikae kwa kiti," mzee akasema, na ndipo akachukua bisibisi.

Nyinyi mnacheka, lakini amplifaya zilizouawa na vitambaa katika nchi hii ya chai ni nyingi kuliko zilizouawa na radi, na radi ya huku haina mchezo. Nyumbani kwetu, kitu kisicho na kitambaa ni kama mtoto aliyetoka bila shati. Kochi lina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata kitambaa kina kitambaa. Amplifaya nayo hupumua kupitia matundu ya juu. Ukiyafunika, transista zinapikika taratibu mpaka siku ya wageni, ndipo inazimika. Kwa hivyo kabla hujamwambia mteja lolote kuhusu wati, muulize ataiweka wapi na ni nani anayeshona katika nyumba hiyo.

Baada ya stuli nilipewa brashi ya rangi, ile ndogo, ya kufagilia mende. Mende hupenda joto na hawajali bei, kwa hivyo niliwakuta ndani ya mashine za watu wakubwa na za watu wadogo, wamestarehe kando ya transfoma na watoto wao. Kisha nikapewa mita, na mwisho kabisa chuma cha kulehemu. Kabla ya kunifundisha kuunganisha chochote, mzee alinifundisha kubeba. "Beba kwanza," alikuwa akisema. Kwenye maboksi watu huandika wati nyingi mpaka unafikiri unanunua mtambo wa kuendesha kiwanda. Ukiibeba ikawa nyepesi kama mkate, jua hizo wati ziliishia kwenye boksi. Transfoma ya kweli ina uzito, na mgongo haudanganywi na rangi. Siku hizi zimekuja nyepesi zilizo nzuri, nakiri, kwa hivyo mkono peke yake hautoshi tena. Geuza, soma nyuma, angalia inataka spika za omu ngapi, yaani za ukinzani kiasi gani. Mtu akiwa na spika za omu nne, akaziunga kwenye mashine inayotaka nane, itamwimbia vizuri jioni moja halafu itaanza kunuka.

Lakini somo kubwa la Mzee Kimutai lilikuwa la mvua. Mnajua mvua yetu. Huja alasiri, karibu kila alasiri, inashuka kutoka upande wa msitu, inavuka mashamba ya chai moja baada ya jingine, unaisikia ikija kabla haijafika. Ikifika kwenye mabati, mazungumzo yanakatika. Mzee alikuwa akisikia tone la kwanza, anazima kila kitu dukani. Wateja wananyamaza, na sote tunakaa tu, tunaangalia maji yakishuka mlangoni kama pazia. Nilizipenda sana saa hizo. Sijawahi kupumzika mahali popote kama nilivyopumzika pale, kazini, nikilipwa.

Kila mteja alitaka mashine ya kushinda mvua. "Nataka hata ikinyesha, nasikia," walikuwa wakisema, na mzee alikuwa akiwajibu, "Ngoja iishe kwanza." Hakuwahi kumchagulia mtu amplifaya mvua ikinyesha. Alisema ukichagua wakati huo unachagua bondia, mvua ikiisha unabaki naye sebuleni. Badala yake alikuwa anauliza mtu anakaa kiti kipi, halafu anamwambia asogeze spika. Hilo lishikeni. Spika ukiisogeza karibu, umbali ukawa nusu ya ulivyokuwa, sikio linapata kana kwamba umenunua mashine yenye nguvu mara nne. Kusogeza hakuna bei. Labda ndiyo sababu wateja hawakuamini.

Mzee Kimutai alipostaafu, kiti chake cha kusikilizia, alichowakalisha wateja wakijaribu mashine, kikabaki kwangu, pamoja na wateja wake. Nilipata wa kila aina. Alikuja bwana mmoja kutoka Mulot, nikamuuliza anakaa wapi akisikiliza, akaniambia, "Mimi sisikizangi. Ni ya ng'ombe." Kumbe anawawekea nyimbo za injili wakati wa kukamua, anasema zinawatuliza. Nilimpa ndogo isiyo na besi nyingi, na hajawahi kurudi kulalamika, yeye wala wao. Msimu wa bonasi ya chai, wakulima wakilipwa yale malipo ya mwaka, ndio uliokuwa na vituko. Watu waliingia na makoti ya kanisani, wanaonyesha kwa kidole ile yenye taa nyingi za kumetameta. Nilikuwa nawaambia taa haziimbi. Wengine walinisikia.

Ilikuwa kabla ya bonasi, nami nikiwa nimeshaanza kuhisi magoti, alipokuja mama wa Boito. Alifika asubuhi na mapema, peke yake, na kikapu chenye chupa ya maziwa.

"Chamgei, fundi," alinisalimia.

"Chamgei mising, mama. Karibu kiti."

Hakutazama rafu. Alikaa kwenye ncha ya kiti cha kusikilizia, kikapu mapajani. "Ni wewe unachagulianga watu amplifaya?"

"Najaribu, mama."

"Basi nichagulie moja. Mimi sijui hizo mambo ya wati. Nataka ile itafanya nikae tena sitting room na mzee yangu."

Nikaweka mita chini. Aliitwa Mama Chepkemoi, na mumewe ni Langat, aliyefanya kazi kiwanda cha chai miaka yake yote, upande wa mashine za kukata majani. Sasa amestaafu, wana chai yao kidogo na ng'ombe wawili watatu. Akaniambia walikuwa na kawaida yao. Baada ya chakula cha mchana, Langat anaweka kwaya, wanakaa wote wawili sebuleni wakisikiliza. Hawaongei. Chai inapoa vikombeni. Watoto wote wameshaondoka nyumbani, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yao.

"Lakini sasa amefungua mpaka vikombe inacheza kwa kabati," alisema. "Kichwa yangu inauma. Nikatoka kidogo, nikaenda jikoni ya nje. Akaongeza. Siku ingine nikaenda kwa ng'ombe. Akaongeza tena. Fundi, ni kama ananifukuza."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia nini? Mtu amechoka na kiwanda maisha yake yote, sasa amepata kitu ya kumfurahisha, nimwambie ni kelele?" Alitazama chini kwenye kikapu. "Bonasi ikitoka anakuja hapa. Ameona moja kubwa kwa harusi. Hiyo ikiingia kwa nyumba, mimi nahamia jikoni kabisa."

"Masikio yake yako sawa? Anasikia ukimwita?"

"Akitaka," alisema, na sote wawili tukacheka kidogo.

Aliniachia yale maziwa, akanisihi nisimwambie Langat kwamba alikuja. Nilibaki nikimfikiria siku nyingi. Niliona huruma, na pia niliogopa, maana sikuwa na mashine ya aina hiyo. Duka zima lilikuwa limejaa vitu vya kuongeza sauti, na huyu mama alitaka kitu cha kuongeza mtu.

Bonasi ikatoka. Langat akaja, mrefu, mkongojo mkononi ambao hakuuhitaji, na mkewe nyuma yake amejifanya hanijui. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya mji. Mzee alivuka duka moja kwa moja akasimama mbele ya ile kubwa kuliko zote, nyeusi, ambayo tuliiweka pale ili kuwavuta watu wa makanisa. "Hii," akasema.

"Mzee, hiyo ni ya kutumia uwanjani. Kaa kwanza unywe chai."

"Sikukuja chai. Chai niko nayo mingi." Akatoa flashi mfukoni. "Weka hii."

Tone la kwanza likagonga bati. Nikamwambia tungoje mvua ipite, ndiyo desturi ya duka. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa angoje treni pale Merigi, ambako reli haijawahi kufika. "Mvua ya Kericho ingojwe? Nitazeekea hapa. Weka." Na wewe Chepng'etich ulikuwa pale, utakumbuka, nilivunja sheria ya Mzee Kimutai, nikaweka.

Ilikuwa kwaya ya kanisa, nzuri kweli. Wanaume wanaanza chini, wanatembea pamoja, pole pole, kisha wananyamaza na wanawake wanaingia juu peke yao. Langat alikaa kwenye kiti cha kusikilizia, mimi nikamwangalia yeye badala ya mashine, kama nilivyofundishwa. Aligeuza shingo kidogo, akaipa spika sikio la kushoto. Wanaume walipoimba, uso wake ulifunguka. Wanawake walipoingia, ulijikunja. Alikuwa anangoja. Alionekana kama mtu aliyesimama stendi akimtafuta mgeni wake kwenye basi ambalo limeshashusha watu wote. Kisha akanyoosha mkono akaongeza. Wanaume wakarudi, akatabasamu. Wanawake wakaingia tena, akaongeza tena. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu zake zote na mashine ikaishinda. Vioo vya rafu vikalia.

Hapo nikajua. Kiwanda kilikuwa kimemnyang'anya Langat sauti za juu. Mashine zile humla mtu masikio taratibu, na huanza na nyembamba, na yeye mwenyewe huwa hajui. Hudhani dunia ndiyo imepunguza. Na amplifaya haiwezi kumrudishia. Amplifaya hukuza kile ambacho sikio bado linapokea. Angeweza kununua ile nyeusi, na nyingine juu yake, akapata wanaume wenye nguvu kama radi, na wale akina mama wasingeingia.

Nikatafuta mkewe kwa macho. Hakuwa dukani. Alikuwa amesimama nje chini ya ukingo wa bati, maji yakimrukia viatu na sketi, mikono yote miwili masikioni.

Nikapunguza sauti. Langat akafungua macho, amekasirika. "Mbona unapunguza?"

"Mzee, mama yuko wapi?"

Akageuka kulia, akageuka kushoto, ndipo akamwona. Aliinuka akaenda mlangoni. Duka letu ni dogo, na waliongea kwa sauti ya juu kwa sababu ya mvua, kwa hivyo tulisikia kila kitu, tukijifanya tunapanga waya.

"Mama Chepkemoi, ingia. Unanyeshewa."

"Niko sawa hapa."

"Ingia usikie hii. Hii itakufikia mpaka jikoni."

Yule mama alishusha mikono. "Itanifikia aje?"

"Si uko jikoni siku hizi? Kila siku naongeza, na hurudi. Nikasema labda hausikii ikianza. Naongeza tena, bado. Ndio nimekuja kutafuta yenye nguvu."

Mama Chepkemoi alimtazama tu, maji yakidondoka kwenye kitambaa chake cha kichwa. "Langat," alisema, "umekuwa ukiongeza ndio mimi nisikie?"

"Sasa naongezea nani? Ng'ombe?"

"Mimi nilitoka juu ya hiyo kelele."

"Kelele gani?"

"Yako."

Langat alishika mwimo wa mlango. Mkewe akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka katikati, akajifuta uso na kiganja, na haikujulikana maji yapi ni ya mvua na yapi ni yake. Mimi nililia, nasema wazi, nikiwa nimeinamia roli la waya ambalo halikuwa na tatizo lolote. Watu wawili walikuwa wametafutana ndani ya nyumba yao wenyewe, mmoja akimsukuma mwenzake mbali zaidi kwa kile kile alichokuwa akimwitia.

Langat alimshika mkewe mkono akamwingiza ndani. Tuliwapa chai, safari hii aliinywa. Mvua ilipopungua, nilivuta stuli nikakaa upande wake wa kushoto.

"Mzee," nikamuuliza, "akina mama wakiingia kwa huo wimbo, unawasikia?"

Alizungusha kikombe. "Zamani walikuwa wanaingia," alisema.

Nikamwambia kuhusu kiwanda na masikio, nikamwomba aende hospitali apimwe, kuna vifaa vidogo vya kuvaa. Alisema atafikiria, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kufikiria. Sikumsukuma. Lakini ile nyeusi hakuitaja tena. Alimtazama mkewe, akasema, "Chagua wewe." Na mkewe akaniangalia mimi.

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo wewe Chepng'etich uliniuliza kama niko sawa. Nilishusha kutoka rafu ya juu ile ya kijivu, isiyo na taa hata moja, ambayo ilikuwa imekaa miaka bila kuguswa kwa sababu ya sura yake. Ilikuwa nzito, ya wati chache za kweli, na mbele ilikuwa na vidude viwili vya kuzungusha sauti, kimoja cha spika ya kushoto na kingine cha kulia, kila kimoja peke yake. Maisha yangu yote nilikuwa nimewafundisha watu kuzilinganisha spika mbili mpaka kwaya ikae katikati yao. Kwa wazee hawa nilifanya kinyume. Nilichanganya kwaya nzima iende kila upande, ili kila spika iwe na wimbo kamili, kisha kila mtu apewe yake, na kiasi chake. Watu wa muziki wangenifukuza. Lakini nilikuwa nachagulia watu wawili, na hao wawili hawakuwa na sikio moja.

Nilipanda Boito mwenyewe kwenda kuiunganisha. Ilikuwa siku ya ukungu, ule mwepesi unaoacha majani ya chai yameng'aa, na nyumba yao ilikuwa kwenye mgongo wa kilima, chai imefika mpaka karibu na mlango. Hakukuwa na upepo. Unaweza kusimama pale ukasikia mtu akivunja kuni ng'ambo, na hujui ni karibu au ni mbali. Nilisimama muda mrefu kidogo kuliko fundi anavyopaswa kusimama.

Sebuleni viti vilikuwa vimetazamana, kimoja huku na kingine kule, meza katikati. Nilianza na kiti cha Langat. Spika yake nikaiweka karibu kabisa, kwenye kistuli, usawa wa sikio lake la kushoto, lile zima zaidi. Kwa hivyo kiti cha mama kikabidi kije upande wake wa kulia, na spika yake mbele yake mbali kidogo, chini. Waya nilizokuwa nazo hazikufika mbali, tukavisogeza viti mpaka mikono yake ya mbao ikagusana. Mama Chepkemoi alikuwa ameshatoa kitambaa kipya, cha buluu. Nikamwangalia. Akakiweka juu ya spika.

Nikaweka kwaya. Nilizungusha kidude cha kushoto mpaka Langat akainua mkono, kisha cha kulia, kidogo tu, mpaka mkewe akatikisa kichwa kuonyesha inatosha. Sauti ya spika ya mumewe bado ilimfikia, lakini sasa ilikuwa na adabu. Vikombe kabatini vilitulia. Mama alikaa. Aliweka miguu yake sawa, akaegemea, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mwaka uliopita.

Mimi nikapiga magoti nyuma yao kukusanya vifaa vyangu, polepole, maana sikutaka kuwasumbua na pia magoti yalikuwa hayataki. Wanaume walikuwa wanaimba. Ukungu umekaa dirishani, na chumba kina mwanga wa maziwa. Kisha wanaume wakanyamaza.

Wanawake wakaingia. Niliwasikia vizuri sana, juu, wembamba, wamejaa chumba kizima. Nikatazama uso wa Langat kutoka ubavuni, nao ulikuwa umejikunja vile vile kama dukani. Mkono wake ukainuka kuelekea kwenye mashine. Nikajua nimeshindwa.

Lakini mkono haukufika. Ulirudi ukakaa juu ya kiti, na akauliza, bila kugeuza kichwa, "Wameingia?"

Mkewe alikuwa upande wa lile sikio bovu, na alijua kwamba hata akijibu mzee hatasikia. Akaweka mkono wake juu ya wa mumewe na kuuminya. Wanawake walipanda, akaminya zaidi; waliposhuka, akalegeza. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa ubeti, akimwimbia kwa vidole. Langat akafumba macho, na paji la uso wake likafunguka.

"Wameingia," alisema.